MACHO MAKAVU NA NAMNA YA KUYATUNZA

Somo letu la leo lahusu macho yanayokauka. Wekeni kalamu chini kwanza, msikilize. Mwishoni nitawapa maswali.

Tumfikirie mama mmoja wa Utemini, hapa mjini Singida. Umri wake ni miaka 52. Asubuhi huwasha moto jikoni. Mchana hupepeta alizeti uani. Jioni huja darasani. Akisoma mistari mitatu, macho yaanza kuchoma kana kwamba yameingia mchanga. Herufi zafifia, akipepesa macho zaonekana tena. Kisha machozi yamtoka, naye aona haya, maana wenzake wadhani analia. Siku moja amwambia mwalimu, "Shikamoo ya kusoma mimi nimeiaga. Macho yangu yamezeeka." Afunga daftari, aenda zake.

Je, yafaa mama huyu aache masomo?

(Mwalimu: nyamaza kidogo hapa, wanafunzi wajibu.)

Hapana, haifai. Macho yake hayajafa. Yamekauka. Na macho makavu yana matunzo yake.

Machozi ni kitu gani?

Watu wengi hudhani machozi ni ya kulia tu. Sivyo. Mchana kutwa jicho lavaa utando mwembamba wa machozi. Utando huo una vitu vitatu. Chini kuna ute, unaosaidia machozi kushikamana na jicho. Katikati kuna maji, yatokayo katika tezi iliyo juu ya jicho, upande wa nje. Juu kabisa kuna mafuta, yatokayo katika tezi ndogo ndogo zilizopangwa kwenye ukingo wa kope.

Mafuta yana kazi gani? Chukua sahani mbili za maji, uziweke juani. Moja uiache wazi. Ya pili uifunike juu kwa mafuta ya alizeti. Utaona kwamba maji ya sahani iliyo wazi yakauka upesi kuliko ya ile yenye mafuta. Jicho nalo ni vivyo hivyo. Tezi za kope zikiziba, mafuta hupungua, na maji ya jicho hukauka upesi.

Sasa mtu ataniuliza, "Bwana mwalimu, ikiwa jicho la mama yule ni kavu, mbona lamwaga machozi?" Swali zuri. Jicho likikauka huumia. Likiumia hupiga kelele, nayo tezi ya machozi huleta maji mengi kwa ghafla. Lakini maji hayo hayana mafuta ya kutosha. Humwagika shavuni, na baada ya muda mfupi jicho ni kavu tena. Kwa hiyo jicho linalotiririka machozi laweza kuwa jicho kavu.

Kwa nini hukauka?

Sababu ya kwanza ni umri. Kadiri tunavyozeeka, machozi hupungua. Wanawake hupata shida hii kuliko wanaume, hasa baada ya hedhi kukoma.

Sababu ya pili ni mahali tunapokaa. Mkoa wetu wa Singida ni wa nchi kavu. Miezi ya kiangazi hewa haina unyevu, vumbi ni jingi, na upepo huvuma kwa nguvu. Upepo unaokausha nguo kambani ndio huo huo unaokausha jicho. Moshi wa kuni na wa mkaa huongeza taabu.

Sababu ya tatu ni kusoma kwenyewe. Mtu akiongea na wenzake hupepesa macho kiasi cha mara 15 kwa dakika. Akikaza macho kwenye kitabu au kwenye simu, hupepesa mara chache zaidi, pengine nusu tu. Kila unapopepesa, kope hupaka machozi mapya. Usipopepesa, machozi ya zamani yakauka. Basi kusoma hakuharibu macho. Yanayoyachosha ni kuyakodoa bila kupumzika.

Sababu ya nne ni magonjwa na dawa. Kisukari na baridi yabisi vyaweza kuleta macho makavu. Baadhi ya dawa za mzio na za shinikizo la damu nazo hupunguza machozi. Usiache dawa yako kwa hofu hiyo. Mweleze daktari, naye ataamua.

Matunzo ya kila siku

Sasa sikilizeni neno kubwa la somo hili. Macho yaliyokauka kwa muda mrefu mara nyingi hayaponi kwa dawa ya siku moja. Hutunzwa kila siku. Ni kama paa la nyasi: hulitengenezi mara moja ukawa umemaliza. Mtu asiyejua jambo hili huhangaika, leo dawa hii, kesho ile, na mwisho hujidhuru. Anayelijua hukaa na macho yake kwa amani.

Kwanza, kanda macho kwa joto. Chemsha maji, yaache yapoe hadi yawe vuguvugu. Yajaribu juu ya mkono, yasiunguze. Chovya kitambaa safi, kamua, fumba macho, ukiweke juu ya kope kwa dakika 5 hadi 10. Kikipoa, kichovye tena. Joto huyeyusha mafuta yaliyoganda. Kisha sugua kope polepole: ya juu kwenda chini, ya chini kwenda juu. Fanya hivi kila siku. Kila mtu awe na kitambaa chake.

Pili, pepesa macho kwa makusudi. Unaposoma, ukifika mwisho wa ukurasa, fumba macho kabisa, hesabu moja, mbili, fumbua. Baada ya kila dakika 20, inua uso utazame mbali. Weka kitabu chini kidogo ya macho, kope zisifunuke sana.

Tatu, ukimbie moshi na upepo. Tumia kuni zilizokauka vizuri. Jiko liwe na dirisha au dohani. Unapopepeta, simama ili upepo utoke mgongoni kwako. Kofia pana au miwani ya kawaida huzuia vumbi jingi.

Nne, yapo machozi ya chupa, yauzwayo katika maduka ya dawa. Mwombe mganga wa zahanati akuelekeze yanayokufaa. Nawa mikono kabla ya kuyatia. Mdomo wa chupa usiguse jicho. Usiazimane chupa na mtu. Soma karatasi yake, maana chupa nyingi hutupwa wiki 4 baada ya kufunguliwa, hata kama dawa haijaisha.

Mambo ya kuepuka

Hapa, ndugu zangu, nawaomba mnisikilize sana. Usitie machoni mkojo, maji ya majani, maziwa, asali wala mate. Usioshe macho kwa maji ya ziwa, Singidani au Kindai, kwa kuwa ni ya chumvi. Mwaka 1987 madaktari Allen Foster na Alfred Sommer walichapisha habari za watoto wa Tanzania waliopata vidonda kwenye kioo cha jicho. Miongoni mwa sababu walizozikuta ni surua, ukosefu wa vitamini A, na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Waliotia dawa hizo walitaka kumsaidia mtoto. Nia ilikuwa njema, lakini jicho halijui nia.

Dawa za dukani nazo zina hatari zake. Ziko dawa za matone za kutuliza uvimbe, ambazo mtu akizitumia muda mrefu bila kupimwa zaweza kuleta presha ya macho au mtoto wa jicho. Kwa hiyo usitumie chupa ya jirani kwa sababu tu "yeye ilimsaidia."

Si kila jicho linalowasha ni kavu tu

Uko ugonjwa uitwao trakoma, ambao wengi huuita vikope. Huambukizwa kwa mikono, nguo na nzi wanaotua kwenye nyuso chafu. Ukimrudia mtu mara nyingi, ndani ya kope huwa na makovu. Jicho hukauka, na nywele za kope hujipinda ndani, zikakwaruza kioo cha jicho hadi upofu. Katika mkoa jirani wa Dodoma, wilayani Kongwa, wataalamu waliuchunguza ugonjwa huu kwa miaka mingi. Habari walizotoa mwaka 1995 zilionyesha kwamba watoto waliopata dawa na kudumu na nyuso safi hawakupatwa na trakoma kali kama wenye nyuso chafu. Maji ya kuosha uso wa mtoto ni kidogo. Hata wakati wa kiangazi, nusu kikombe yatosha.

Kwa watoto wadogo, ukavu wa macho waweza kutokana na ukosefu wa vitamini A. Dalili yake moja ni mtoto kushindwa kuona jioni. Mpeleke kituo cha afya upesi. Mpe mchicha, majani ya maboga, papai, maembe, mayai au maini, na usikose siku za matone ya vitamini A kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5.

Nenda hospitali bila kukawia ukiona dalili hizi: maumivu makali, kuona kunapungua, doa jeupe katika sehemu nyeusi ya jicho, usaha, kushindwa kuvumilia mwanga, au nywele za kope kugusa jicho. Na ikiwa macho hayachomi ila herufi za karibu hazionekani, pengine wahitaji miwani ya kusomea tu. Hilo huwapata wengi baada ya miaka 40.

Turudi kwa mama yetu

Mwalimu wake asimwache aende. Amfuate nyumbani, amweleze haya tuliyojifunza. Naye mama akande macho yake kila asubuhi kabla ya kuwasha moto, akae darasani mbali na mlango unaoleta upepo, asome mistari mitatu, apumzike, asome mitatu mingine. Hatasoma upesi kama kijana, lakini atasoma. Na siku atakapoishika chupa yake ya dawa, hata ikiwa maneno ni ya Kiingereza, tarehe ataisoma mwenyewe, na jina la dawa atalinakili katika daftari lake. Hapo hatamtegemea mtu kumwambia ipi ya kutia na ipi ya kutupa. Basi masomo aliyotaka kuyaacha kwa ajili ya macho ndiyo yatakayomsaidia kuyalinda.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Utando wa machozi una vitu gani vitatu?
2. Kwa nini jicho kavu hutoa machozi mengi?
3. Taja mambo manne ya kutunza macho kila siku.
4. Ni dalili gani za kumfanya mtu aende hospitali bila kukawia?
5. Je, katika mtaa wenu watu hutia nini machoni? Mtawaambia nini?