Kutoka Kizingiti hadi Kikombe: Mkahawa Mkongwe na Mgeni wa Kiti cha Magurudumu Mjini Kakamega

Utangulizi

Neno kizingiti lina maana mbili katika Kiswahili. Maana ya kwanza ni ubao au jiwe lililowekwa mlangoni. Maana ya pili ni jambo lolote linalomzuia mtu asifikie lengo lake. Kwa mtu anayeingia mahali kwa miguu, maana ya kwanza haina uzito, kwani huinua unyayo akapita. Kwa mtu anayetumia kiti cha magurudumu, maana hizo mbili hukutana na kuwa moja. Makala hii inakusudia kueleza safari fupi ambayo wengi huiona kuwa jambo dogo, yaani kwenda kunywa chai katika mkahawa wa zamani. Mfano utakaotumiwa ni wa mgeni anayetoka Shirere, wadi iliyo katika eneo bunge la Lurambi, kuelekea katikati ya mji wa Kakamega. Makala itaanza na historia ya mkahawa, kisha itajadili jengo lenyewe, lugha inayotumiwa mezani, na mwisho sheria inayohusika.

Mkahawa: Neno na Historia Yake

Mkahawa ni neno lililojengwa juu ya kahawa, ambalo asili yake ni Kiarabu. Nchini Tanzania wengi husema mgahawa. Hata hivyo, katika sehemu nyingi za bara nchini Kenya, kinywaji kinachotawala mahali hapo si kahawa bali ni chai, na mahali penyewe huitwa hoteli hata kama hapana chumba hata kimoja cha kulala. Mteja wa Kakamega huagiza chai ya maziwa au turungi, pamoja na mandazi au chapati.

Chai ilipandwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya huko Limuru mwaka 1903. Katika miaka ya 1920 mashamba makubwa ya makampuni ya Uingereza yalianzishwa Kericho. Baada ya uhuru, mwaka 1964, iliundwa Mamlaka ya Ustawi wa Chai iliyowaingiza wakulima wadogo katika kilimo hicho. Magharibi mwa Kenya, kiwanda cha chai cha Mudete katika Vihiga ni mojawapo ya matunda ya mpango wa wakulima wadogo, na ukingo wa msitu wa Kakamega una mashamba ya Nyayo, mradi ulioanzishwa mwaka 1986. Kwa hiyo, kikombe cha chai mjini Kakamega si kitu cha kigeni tena.

Lakini mlango wa mahali pa kunywea chai haukuwa wazi kwa kila mtu tangu mwanzo. Wakati wa ukoloni, hoteli kubwa za Nairobi ziliwahudumia Wazungu, naye Mwafrika aliingia humo kama mtumishi. Ubaguzi huo ulianza kulegea katika miaka ya 1950. Historia hii inafaa kukumbukwa kwa sababu inaonyesha kwamba suala la nani anaruhusiwa kuketi na kuhudumiwa halijawahi kuwa suala la chai peke yake. Huko Marekani, wanafunzi weusi wanne waliketi kwenye kaunta ya chakula mjini Greensboro tarehe 1 Februari 1960 wakakataa kuondoka. Walichodai, pamoja na kahawa, ni kutambuliwa kuwa wateja.

Jengo na Sababu Zake

Mgeni wetu anapotoka Shirere hukutana na vikwazo kabla hajauona mkahawa. Bodaboda, ambayo ndiyo usafiri wa wengi, humtaka aweze kupanda na kujishikilia, na kiti chake kikunjwe na kubebwa kando. Matatu ina ngazi, na utingo ana haraka. Akiamua kwenda kwa kiti chake mwenyewe, barabara ya murram huwa na vumbi na kokoto wakati wa kiangazi, na matope wakati wa mvua.

Akifika mjini hukuta mtaro wa maji kati ya barabara na safu ya maduka. Mtaro huo huvukwa kwa bamba la zege au ubao. Baada yake huja ngazi mbili au tatu, kisha veranda, kisha mlango. Ni muhimu kueleza kwamba ngazi hizi hazikujengwa kwa nia mbaya. Kakamega ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopata mvua nyingi zaidi. Wajenzi wa maduka ya zamani, ambao wengi wao walikuwa wafanyabiashara wa asili ya Kihindi, waliinua sakafu ili maji na matope yasiingie ndani. Pwani nako, nyumba za kale zina baraza mbele na kizingiti cha mbao chini ya mlango, na kila kimoja kina kazi yake. Jengo lilifikiriwa vizuri kwa upande wa mvua. Mtu asiyeweza kupanda ngazi ndiye ambaye hakufikiriwa.

Vipimo vinasaidia kulifafanua tatizo hili. Kanuni inayokubalika katika ujenzi ni kwamba kwa kila sentimita moja ya kimo, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12. Ngazi moja ya sentimita 15 huhitaji mteremko wa sentimita 180. Ngazi tatu za kimo hicho huhitaji mteremko wa sentimita 540, yaani zaidi ya mita tano. Mlango unapaswa kuwa na nafasi isiyopungua sentimita 80. Ili kiti kiweze kugeuka, huhitajika uwazi wa takriban sentimita 150, na meza iwe na nafasi ya sentimita 70 hivi chini yake ili magoti yaingie. Choo nacho kisisahaulike. Mgeni asiyeweza kuingia chooni hulazimika kunywa chai kidogo, au asinywe kabisa, ilhali ndiyo iliyomleta.

Wapo wanaohofia kwamba mabadiliko ya namna hii yataharibu majengo ya kihistoria. Hoja hii ina uzito, hasa katika miji kama Mji Mkongwe wa Zanzibar na mji wa kale wa Lamu, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000 na mwaka 2001. Hata hivyo, kuna njia zisizogusa ukuta wala mlango. Ubao imara wa mteremko unaweza kuwekwa mgeni anapofika na kuondolewa baadaye. Pale ambapo ngazi ni nyingi, mlango wa upande unaweza kutumiwa, ama meza moja ikatengwa chini, mahali penye kivuli, na huduma ikawa ile ile. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na kubomoa na kujenga upya.

Nafsi ya Pili Mezani

Tuseme mgeni amefaulu kuingia, akiwa na nduguye. Mhudumu anafika mezani, anamtazama ndugu huyo na kuuliza: "Huyu atakunywa nini?" Swali ni la upole na limeulizwa kwa nia njema. Lakini kisarufi kuna jambo limetendeka. Mtu aliyepo, anayesikia na aliye na pesa zake mfukoni, ameondolewa katika nafsi ya pili na kupelekwa katika nafsi ya tatu. Ameacha kuwa msemeshwa, amekuwa msemwa. Mhudumu angesema, "Karibu mama, utakunywa nini?" angetumia pumzi ile ile, lakini angekuwa amemkaribisha mtu.

Majina nayo yana mzigo wake. Maneno kilema, kiwete, kipofu na kiziwi yana kiambishi ki-, ambacho pia hupatikana katika majina ya vitu na katika udogoshaji. Ni kweli kwamba katika Kiswahili sanifu maneno haya huchukua upatanisho wa A-WA: kipofu amefika, vipofu wamefika. Sarufi inamtambua mtu hata pale umbo la neno linapofanana na la kitu. Hata hivyo, wengi huhisi dharau katika umbo hilo, ndiyo sababu istilahi mtu mwenye ulemavu imeenea, kwani humtaja mtu kwanza. Kwa mantiki hiyo hiyo, si sahihi kusema kwamba fulani "amefungwa" katika kiti cha magurudumu. Kiti hicho ndicho kinachompeleka sokoni, kanisani, msikitini na mkahawani. Kinachomfunga ni ngazi.

Adabu ya kutenda huambatana na adabu ya kusema. Vijana wanne wanaomwinua mgeni pamoja na kiti chake bila kumwuliza huona wamesaidia. Yeye huona mwili wake umeshikwa bila idhini, mbele ya watu, na huogopa kuangushwa. Swali la maneno machache, "Tukusaidie vipi?", humrudishia uamuzi.

Sheria Inasemaje?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliwataka wenye majengo ya umma kuyarekebisha, na ikawapa muda wa miaka mitano. Mwaka 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinahusu ufikiaji wa majengo, usafiri na habari. Mwaka 2025 ilitungwa sheria mpya iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, watu wapatao laki tisa wenye umri wa miaka mitano na zaidi, yaani asilimia 2.2, walikuwa na ulemavu, na ulemavu wa kutembea ndio ulioripotiwa zaidi.

Kinachopaswa kuwavutia wanafunzi wa lugha ni kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010. Kifungu hicho kinataja haki ya mtu mwenye ulemavu ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Humo humo kinataja haki ya kufikia mahali pote kwa njia ifaayo. Neno na mlango vimewekwa katika kifungu kimoja.

Hitimisho

Wahenga walisema: hujafa hujaumbika. Methali hii huwaonya wanaowacheka wenye ulemavu kwamba umbo la mtu halijakamilika maadamu yu hai. Ajali ya bodaboda, ugonjwa au uzee unaweza kumweka yeyote katika kiti cha magurudumu. Mwenye mkahawa anaweza kuanza na ubao wa mteremko, na mhudumu anaweza kuanza na nafsi ya pili. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana sehemu yao pia: kuzichunguza istilahi zinazotumika madarasani na vitabuni, na kuangalia kama kumbi ambamo makongamano ya lugha hii hufanyikia zina ngazi zisizo na njia nyingine. Mgeni wa Shirere haombi chai ya bure. Anataka kuinunua, aketi, na ainywe ikiwa bado moto.