Ramani Iliyoundwa na Marafiki



Ndugu wasomaji, mara kwa mara akina mama hutuuliza kama kuna kheri yoyote katika kazi ya vijana wetu wanaokesha mbele ya kompyuta wakiandika programu. Jibu letu leo tumelifuata mbali kidogo na pwani, huko Nakuru na Bonde la Ufa.

Wenye jamaa zao Bondeni, Nakuru, hawajausahau mwezi wa Januari 2008. Matokeo ya uchaguzi yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na siku iyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Fitina ikaenea, na mwishoni mwa Januari ikawaka vibaya Nakuru na Naivasha. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukageuka kambi ya waliofukuzwa makwao. Baadaye Tume ya Jaji Waki ilihesabu roho 1,133 zilizopotea nchini. Sisi huku tulipiga simu tusipate majibu, na kadi za simu zenyewe zilikuwa haba. Kila mtu alikuwa na habari, na aghalabu hakuna aliyekuwa na yakini.

Katika hali hiyo, tarehe 3 Januari, mwanasheria Ory Okolloh, aliyezoea kuandika mambo ya nchi katika intaneti, alitoa wito: je, hakuna mafundi wa kompyuta wawezao kutengeneza ramani ya kuonyesha ni wapi limetokea jambo gani? Wito ukamfikia Erik Hersman, aliyekuwa Marekani. Huyu alilelewa Sudan na Kenya, akasoma Kijabe, ukingoni mwa Bonde la Ufa, na yeye na Okolloh walikuwa wamehudhuria mkutano mmoja Arusha mnamo Juni 2007. Hersman akamwendea rafiki yake David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Alabama, fundi hodari wa kuandika programu. Juliana Rotich naye akaungana nao. Wakiwa wametawanyika nchi mbalimbali, kwa siku chache tu wakaikamilisha ramani hiyo. Wakaiita Ushahidi.

Utendaji wake ulikuwa mwepesi kueleweka. Mtu aliyeona jambo alituma ujumbe mfupi kwa simu yake, hata ile ndogo ya bei nafuu, au aliandika katika intaneti. Ujumbe ulisomwa, ukapimwa, kisha ukawekwa kama alama juu ya ramani.

Aliyepita madrasa anajua mara moja uzito uko wapi: ni katika kule kupima. Wanazuoni wa hadithi walimaliza umri wao wakiuliza, nani kapokea, kapokea kwa nani, naye ni mkweli au la? Mafundi hawa iliwabidi waulize maswali yayo hayo nyumba zikiwa zinaungua. Walilinganisha ujumbe na habari za waandishi na mashirika ya misaada, na programu yao ikatenganisha habari iliyothibitishwa na isiyothibitishwa. (Laiti makundi yetu ya WhatsApp ya familia yangekuwa na alama hiyo!)

Kisha wakafanya jambo la ukarimu: wakaiachia programu iwe ya kila mtu, aichukue bure na kuibadilisha apendavyo. Haiti ilipotetemeka tarehe 12 Januari 2010, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, waliitumia kuchora ramani ya maafa, na Wahaiti walioko ughaibuni wakajitolea kufasiri maelfu ya ujumbe wa Kikrioli. Mwaka huohuo Kobia alitunukiwa heshima na jarida la Technology Review la Marekani kwa kazi yake ya kusaidia wanadamu.

Hata hivyo, linalotupendeza zaidi katika habari za Kobia si ramani. Miaka kadhaa kabla ya fitina alikuwa ameanzisha baraza la Wakenya katika intaneti liitwalo Mashada, ambapo watu walikutana kuzungumza, kutaniana na kuulizana habari za nyumbani. Lilikuwa jasho lake, na lilikuwa na watu wengi. Siku zile likajaa matusi ya kikabila, wasomi walio salama ughaibuni wakichochea moto ambao wao usingewafikia. Mwenye duka huona tabu kulifunga duka lenye wateja, hata wateja wakipigana ndani. Kobia alilifunga kabla ya Januari kwisha. Mahali pake akaweka ukurasa mwingine, wenye jina la Kiingereza lenye maana ya "Sina kabila", na waliokuja kugonga mlango wa Mashada wakakutana na maneno hayo.