.com, .co.tz au .africa: tovuti ya Moshi iishie na nini?

Tuseme wewe na wenzako mmeamua kufungua tovuti ya mji wa Moshi: bei za soko la Mbuyuni, nauli za kwenda Machame na Rombo, vyumba vya kupanga, mechi za wikiendi. Jina mmeshakubaliana. Halafu mmoja anauliza, "Sasa itaishia na nini?" Hapo ubishi unaanza. Huyu anataka .com kwa sababu "ndiyo ya kimataifa", yule anataka .co.tz, na mwingine anasema ameona sehemu wanatoa bure.

Kabla hamjapigiana kura, tuone kwanza hicho kiishio kinafanya kazi gani.

Anwani ya tovuti husomwa kuanzia kulia. Fikiria mgeni ameshuka stendi ya Moshi, anatafuta nyumba ya mzee fulani Marangu. Pale stendi hawamjui huyo mzee, ila wanajua magari ya Marangu yanapakia wapi. Akifika Marangu Mtoni ataonyeshwa njia ya kijiji. Kijijini ndipo ataonyeshwa kihamba chenyewe. Intaneti nayo ni hivyohivyo. Ukiandika mocu.ac.tz, anwani ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, na kama jibu halijahifadhiwa karibu, ombi linaanzia kwenye seva za mzizi. Hizo zinasema seva za .tz ziko wapi. Seva za .tz zinaelekeza kwa wanaoijua mocu, na hao ndio wanaotoa namba ya kompyuta yenye tovuti. Yote hayo kwa kawaida hayafiki hata sekunde moja.

Kwa hiyo kiishio si urembo. Kinaonyesha daftari la nani limeandika jina lako, na mwenye daftari ndiye anayeweka masharti.

Kwenye daftari la .tz kuna vyumba. Chuo kinakaa ac.tz, shule sc.tz, biashara co.tz, asasi isiyo ya faida or.tz, na hoteli zina hotel.tz yao. Serikali iko go.tz, ndiyo maana Manispaa ya Moshi inapatikana moshimc.go.tz. Wewe huwezi kuamka asubuhi ukajisajilia go.tz. Hilo lina uzito mkubwa kwa mji unaoishi kwa wapanda mlima. Mtu yeyote, popote duniani, anaweza kusajili .com yenye neno "kilimanjaro", akaweka picha nzuri ya Kibo na kuanza kupokea malipo ya awali. Usinielewe vibaya: hata co.tz si cheti cha uaminifu. Lakini go.tz inakuambia jambo moja la uhakika, kwamba nyuma yake kuna taasisi ya serikali.

Vipi kuhusu .moshi? Sahau. Afrika Kusini walipata .joburg, .capetown na .durban mwaka 2014, lakini ada ya maombi tu katika awamu ile iliyofunguliwa 2012 ilikuwa dola 185,000. Kiishio cha .africa kipo tangu 2017 na yeyote anaweza kukisajili, ila hakimwambii msomaji kama uko Moshi au Dakar.

Na vile vya bure? Kwa miaka mingi kampuni moja iligawa bure majina ya .tk ya Tokelau, .ml ya Mali na .ga ya Gabon. Mwaka 2023 ikasimamisha usajili mpya, na mwaka huohuo Gabon na Mali zikachukua viishio vyao. Mamilioni ya majina ya .ga yalifutwa. Hata nchi ikibadilika jina, kiishio kinaweza kufa nayo: .zr ya Zaire iliondolewa mwaka 2001, baada ya Kongo kupewa .cd.

Upande wa kushoto wa nukta nao uangaliwe. Ile "mc" ya moshimc ni ya halmashauri ya manispaa. Arusha, ambayo ni jiji, inatumia arushacc. Moshi ikipandishwa hadhi, herufi hizo zitakuwa zimepitwa na wakati. Wewe usiweke kwenye jina kitu kinachoweza kubadilika kesho.

Sasa jambo linalouma. Kihamba unarithi kwa baba, lakini jina la tovuti hununui, unakodi, kwa kawaida mwaka hadi mwaka. Kikundi chetu kimoja kilijifunza kwa machungu. Fundi aliyetutengenezea tovuti alisajili jina kwa barua pepe yake. Akahama mji, akabadilisha namba, taarifa za kulipia zikawa zinamfikia yeye. Siku moja tukafungua tukakuta matangazo ya kamari. Kazi ya miaka mitatu, na kisheria hatukuwa na karatasi hata moja yenye jina letu.

Ushauri wangu basi: kama ni biashara, chukua co.tz, kama ni kikundi kisicho cha faida, or.tz. Mitambo ya utafutaji kama Google huichukulia .tz kuwa ishara kwamba walengwa wako Tanzania, na wasomaji wako ni hao hao. Kama mnategemea watalii, kodini na .com ya jina hilohilo iwapeleke kwenye tovuti ileile, ili mwingine asiichukue. Tumieni msajili aliyeidhinishwa, wekeni barua pepe ya kikundi wala si ya mtu mmoja, na tarehe ya kulipia iandikwe kwenye daftari la mweka hazina.

Ubishi wa .com na .co.tz mnaweza kuumaliza kwa soda moja. Swali la kukaa nalo muda mrefu ni hili: jina limesajiliwa kwa nani?