Mtoto Mwenye Ualbino Darasani: Tuyatazame Macho

Wanachuo wakiulizwa namna ya kumtambua mtoto mwenye ualbino hutaja ngozi na nywele, kisha hunyamaza. Ngozi hata mpita njia huiona. Kazi ya mwalimu ni macho.

Ualbino hurithiwa. Mwili hutengeneza melanini kidogo mno, au hauitengenezi kabisa. Melanini ndiyo rangi ya ngozi, lakini pia huhitajika jicho linapoumbika. Ikikosekana, ile sehemu ndogo ya nyuma ya jicho itumikayo kuonea maandishi haikamiliki. Ndiyo sababu miwani husaidia, lakini haimalizi tatizo.

Uwapo kwenye mazoezi ya kufundisha, iwe Mikindani au Msimbati, mchunguze mtoto huyo kwa siku kadhaa. Je, macho yake huchezacheza pasipo yeye kutaka? Huinamisha kichwa upande ili aone? Hufumba macho atokapo nje, penye mchanga mweupe na jua kali? Kisha andika sentensi ubaoni, aisome akiwa dawatini pake. Mwite karibu na ubao, aisome tena. Halafu mpe kitabu chenye maneno ya kiwango hicho hicho, akilete karibu na pua apendavyo. Akishindwa akiwa mbali na kuweza akiwa karibu, kusoma anajua. Asichokiona ni ubao. Daftari la mtoto kama huyo huwa tupu au limejaa makosa ya kunakili, na walimu wengi huandika chini yake kwamba ni mzito.

Jaribio hilo si kipimo cha hospitali; mtoto lazima aonwe na mtaalamu wa macho. Wala tusikimbilie kumfundisha nukta nundu, kwani wengi husoma maandishi ya kawaida yakikuzwa. Akae mbele, asielekee dirisha. Tamka kila unachoandika. Kofia pana na mikono mirefu viruhusiwe hata kama si sare, maana saratani ya ngozi huwaua wengi wao mapema.

Nyumbani, mara nyingi lawama humwangukia mama. Waeleze wazazi wote wawili wakiwa pamoja: urithi huu hutoka kwa baba na mama, ambao kwa kawaida hawauonyeshi, na kila mimba yao ina nafasi 1 kati ya 4. Tanzania hukadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi. Jirani zetu wa Lindi Mjini walimchagua mmoja wao, Salum Khalfani Barwany, kuwa mbunge mwaka 2010.

Matokeo ya uchunguzi yaandikwe na kukabidhiwa mwalimu mkuu mapema. Baraza la Mitihani huwatolea watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa, lakini ni kwa wale tu ambao shule imewaorodhesha hivyo.