Tuisome Pamoja Karatasi ya Damu ya Mzazi

Leo tuzungumze kuhusu ile karatasi ya maabara ambayo baba au mama alirudi nayo kutoka Mbagathi au kliniki ya Kangemi, akaikunja na kuiweka chini ya godoro. Itoe, tuisome.

Kila mstari una jina la kipimo, nambari ya mzazi wako, na kando yake kiwango cha kawaida cha maabara hiyo. Maabara hutofautiana kidogo, kwa hivyo usilinganishe na karatasi ya jirani.

Sukari: Ikiwa alipimwa asubuhi kabla ya kula, chini ya 6.1 ni sawa. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo. 7.0 na zaidi huashiria kisukari, lakini kama hana dalili, daktari hurudia kipimo kabla ya kuthibitisha. HbA1c huonyesha sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Kuacha soda jana hakuifichi. Asilimia 6.5 na zaidi huashiria kisukari.

Damu, yaani Hb: Chini ya 12 kwa mama, au 13 kwa baba, ni upungufu. Wengi hukimbilia juisi ya bitiruti. Lakini mzee anaweza kuwa anavuja damu polepole tumboni. Muulize daktari damu inapotelea wapi.

Kreatinini: Ikipanda, huenda figo zimelemewa. Muulize mzazi anameza dawa gani za maumivu. Diklofenaki na brufeni za kununua dukani kwa ajili ya magoti zinaweza kuumiza figo.

Sasa turudi jikoni. Usimpikie mzee chakula chake peke yake kama mtu aliyeadhibiwa. Nyumba nzima ibadilike. Punguza kipande cha ugali, ongeza managu, terere na maharagwe. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai kwa kila mtu. Sukari ya chai ipunguzwe kidogo kidogo kila wiki. Akitoka mjini kwa matatu, na kama njia ni salama, ashuke steji moja kabla ya kwake, atembee. Dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki, zinatosha.

Tahadhari mbili. Kwanza, kama anatumia dawa za kisukari na ameambiwa aje kupimwa bila kula, uliza kliniki mapema kama azitumie asubuhi hiyo. Akianza kutetemeka, kutoa jasho au kuchanganyikiwa, na bado anaweza kumeza, mpe maji yenye sukari na umfikishe hospitali. Pili, nambari zikishuka, asiache dawa bila daktari kusema. Huenda zimeshuka kwa sababu dawa inafanya kazi.

Mama, nunua faili moja, panga karatasi zote kwa tarehe, na uende nayo kila kliniki. Karatasi moja hueleza siku moja tu. Faili humwonyesha daktari mzazi wako anakoelekea.