Kupiga mchanga vyuma vya nyumbani: upepo mkavu au maji?

Kazi ya kufufua vyuma chakavu vya nyumbani haikosi wateja katika mji kama Babati. Geti lililoliwa na kutu, kitanda cha chuma cha urithi, plau, fremu ya baiskeli ya Phoenix, miguu ya cherehani ya Singer, hata chesisi ya Land Rover ya zamani, vyote huishia mikononi mwa mafundi wa kuchomelea. Silaha zao ni brashi ya waya, msasa na grainda. Geti moja humla fundi siku nzima, na bado kutu hubaki kwenye vishimo na kwenye pembe za maungio ambako brashi haifiki. Rangi ikipakwa juu ya kutu hiyo hubanduka mabaka kabla ya masika ya pili, mteja hurudi akilalamika, na faida ya kazi ya kwanza huliwa na kazi ya marudio.

Wiki hii ukurasa huu unaangalia kama mwenye karakana ndogo pale Nangara anaweza kuweka mtaji wake katika kupiga mchanga, yaani kusafisha chuma kwa kurushia chembechembe kali kwa nguvu ya upepo au ya maji. Kazi yenyewe si ngeni duniani. Mmarekani Benjamin Tilghman alipata hataza yake mwaka 1870, na tangu hapo meli, madaraja na matangi ya mafuta husafishwa hivyo kabla ya kupakwa rangi. Linalohitaji hesabu ni kuileta kazi ya bandarini kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba.

Tuanze na njia kavu. Kompresa husukuma upepo kwenye mpira, upepo huchukua chembe, na chembe hutokea kwenye nozeli kwa kasi. Ubora wake ni kwamba chuma hutoka kikavu, cheupe na chenye mikwaruzo midogo ambayo rangi hujishikiza humo. Ubaya wake ni ulafi wa upepo, na hapa ndipo wawekezaji wengi wadogo wanapokwama. Nozeli yenye tundu la inchi 1/8, kwa presha ya paundi 100 kwa inchi ya mraba, hula takriban futi za ujazo 20 za upepo kwa dakika. Ya inchi 3/16 hula kama 45. Ya inchi 1/4 hula kama 80. Kwa kuwa kompresa ya kawaida hutoa takriban futi 4 kwa kila nguvu ya farasi, hiyo nozeli ndogo kuliko zote inataka mota ya farasi 5 isiyopumzika, na ile ya inchi 1/4 inataka farasi 20, yaani umeme wa njia tatu au injini ya dizeli.

Kompresa ya kujazia matairi, ambayo wengi tayari wanayo, ni ya farasi 2 au 3. Itapiga dakika chache, tangi litaisha upepo, fundi atakaa kusubiri. Kwa kitasa, bawaba au pasi ya mkaa inatosha. Kwa geti, hapana.

Jambo jingine ambalo wauzaji wa vifaa hawalitaji: nozeli huchimbika. Tundu la inchi 3/16 likilika mpaka kufikia 1/4, matumizi ya upepo huwa karibu mara mbili, presha hushuka, na kazi huzorota huku bili ya umeme au dizeli ikipanda. Fundi hudhani kompresa imechoka, kumbe nozeli ndiyo imekwisha. Kijiti cha kupimia tundu hilo kila wiki ni akiba kubwa kuliko punguzo lolote la bei dukani.

Njia ya maji, kwa upande mwingine, ina mlango mwepesi wa kuingilia. Mashine ya presha ya kuoshea magari, ile yenye nguvu ya kama paundi 2,000 kwa inchi ya mraba na kuendelea, hufungwa bunduki maalumu yenye mpira wa kufyonza chembe kutoka kwenye ndoo. Maji yanapopita kwa kasi huvuta chembe yenyewe, na kompresa haihitajiki kabisa. Mwenye sehemu ya kuoshea magari tayari ana nusu ya mtaji. Masharti ni mawili: chembe ziwe kavu kabisa na zilizochekechwa, kwani zikishika unyevu huganda ndani ya mpira, na nozeli iwe ya madini magumu au ya kauri, si ya shaba.

Kasoro ya njia hii ni kutu ya haraka. Chuma kilichovuliwa ngozi yake na kuachwa na maji hugeuka rangi ya chungwa ndani ya saa moja au chini ya hapo. Wenye viwanda huchanganya dawa ya kuzuia kutu kwenye maji ya mwisho. Fundi mdogo aanze kazi asubuhi yenye jua, akaushe kila pembe kwa upepo mara anapomaliza, na apake praima siku hiyohiyo. Geti lisilalae uchi. Hata njia kavu haisamehe hapa, maana umande wa usiku mmoja unatosha kuharibu kazi.

Sasa twende kwenye chembe zenyewe, kwani hapo ndipo penye fedha na ndipo penye hatari.

Mchanga wa mtoni ni karibu bure, na kila anayeanza hushawishika. Asiutumie. Mchanga huo umejaa silika, na unapogonga chuma hupasuka kuwa vumbi laini lisiloonekana, ambalo hukaa kwenye mapafu na kuyakomaza. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba, na humfanya mtu apatwe na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Uingereza ilikataza mchanga wa aina hiyo katika kazi hii tangu mwaka 1949. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka silika ya vumbi la kazini katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Uturuki ilipiga marufuku kupiga mchanga suruali za jinzi mwaka 2009, baada ya vijana wa karakana ndogo zisizo na madirisha kufa kwa vumbi baada ya miaka michache tu ya kazi. Wakazi wa Manyara hawana haja ya kwenda Uturuki kujifunza: wachimbaji wa tanzanite wa Mirerani, mkoani humuhumu, ni miongoni mwa wagonjwa wa silikosisi wanaofika Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha.

Kitambaa cha kufunga puani hakizuii vumbi hilo. Anayepiga kavu anahitaji kofia inayoletewa hewa safi, na hewa hiyo isitoke kwenye kompresa ya kawaida ya mafuta bila chujio, maana inaweza kubeba hewa ya sumu. Bei ya kofia hiyo iingie kwenye hesabu ya mtaji tangu mwanzo. Maji hupunguza vumbi kwa kiasi kikubwa sana, na kwa maoni ya ukurasa huu sababu hiyo peke yake inatosha kumfanya anayeanza katikati ya makazi ya watu achague maji. Lakini barakoa nzuri ya vumbi bado ni lazima, na tope lizolewe likiwa bichi, kwani likikauka vumbi huamka upya.

Badala ya mchanga kuna garineti. Wengi wanaijua kama kito kutoka bonde la Umba, Tanga, lakini ile ya kupigia chuma ni ya viwandani na huagizwa zaidi kutoka nchi kama India na Australia. Ni nzito, hukata haraka na inaweza kuchekechwa na kurudiwa. Uzito huo ndio gharama: mzigo hushuka bandarini na kupanda lori hadi Babati, iwe kwa Arusha au kwa barabara ya lami ya Dodoma iliyozinduliwa mwaka 2018. Anayenunua mfuko mmoja mmoja atalipa nauli kuliko bidhaa. Mafundi watatu wanne wakiagiza pamoja, picha hubadilika.

Chupa zilizosagwa ni mbadala wa karibu zaidi. Kioo kinatokana na mchanga, lakini silika yake si ile ya fuwele inayoua mapafu, na malighafi imelala nyuma ya kila baa. Anayeweza kupata kinu na chekeche za ukubwa tofauti ana bidhaa ya kuuza. Hata magunzi ya mahindi, ambayo Babati haina upungufu nayo, husagwa na kutumika kwa upepo mkavu: hayaondoi kutu, ila huondoa masizi, grisi na rangi iliyolegea bila kukwaruza. Vumbi lake hushika moto, kwa hiyo mashine ya kuchomelea ikae mbali.

Si kila chuma ni cha kupigwa. Bati jembamba la bodi ya gari hujikunja, kwa sababu chembe hutanua ngozi ya upande mmoja. Lipigwe kwa presha ndogo, chembe laini na kwa kuinamisha nozeli, au liachwe. Bodi za Land Rover za zamani ni za alumini zaidi, na chembe za chuma zikitumika huacha mbegu za kutu. Bati la mabati halipigwi, zinki yake itaondoka. Fremu ya baiskeli izibwe sehemu zote za gololi. Cherehani yenyewe isikaribie uwanja, ni miguu yake tu.

Upande wa sheria, karakana ni mahali pa kazi na husajiliwa OSHA chini ya sheria ya mwaka 2003. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, hivyo tope lisielekezwe kwenye mtaro unaoshuka Ziwa Babati, ambako watu huvua samaki.

Kuhusu bei ya kumtajia mteja, njia salama ni kujipima. Chora mita moja ya mraba kwenye geti bovu, uisafishe, kisha andika dakika zilizotumika, kilo za chembe, lita za maji na mafuta au umeme. Ongeza praima na sehemu ya bei ya nozeli. Fanya hivyo pia kwa brashi na grainda, ukihesabu diski zilizokwisha na ujira wa siku. Kama tofauti ni ndogo, nunua brashi nyingine na fedha ibaki benki. Kama mita ya mchanga inakula robo ya muda wa mita ya brashi, kodisha mashine ya presha kwa mwezi mmoja kabla ya kununua, na uanze na mageti.