Mshauri wa vinasaba hazuii ndoa

"Nina ajira ya kudumu benki, ila moyo wangu uko kwa watoto wa selimundu. Nikiacha kazi nikasomee ushauri wa vinasaba, nitaweza kuwazuia wenye AS wasioane?" Swali hili limeshaletwa kwangu na walimu, wahasibu, hata wanasheria, na kosa ni lilelile. Wito wako siutilii shaka, ndugu yangu. Ninachokataa ni hicho unachotaka kwenda kukifanya.

Wabebaji wawili, yaani wenye AS, wakipata ujauzito, uwezekano wa mtoto mgonjwa ni asilimia 25, mbebaji 50, na asiyerithi kabisa 25. Kila ujauzito unaanza upya. Waliozaliwa wazima hawampunguzii hatari anayefuata. Kazi yako ni kuwaeleza hayo mpaka wayaelewe, kisha uamuzi ni wao. Ukiwafokea wataoana bila kukuambia, na mtoto ataletwa kliniki akiwa amechelewa. Saudi Arabia ilifanya upimaji kabla ya ndoa kuwa wa lazima mwaka 2004, na mwanzoni wachumba wengi mno waliokutwa katika hatari walifunga ndoa vilevile. Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, majimbo kadhaa yalipitisha sheria za kupima selimundu kwa lazima. Wabebaji, watu wazima wa afya, wakanyimwa kazi na bima, hadi sheria ya shirikisho ya mwaka 1972 ikataka miradi inayoifadhili iwe ya hiari. Unataka kuturudisha huko?

Tazama kazi yenyewe. Mezani kuna mchoro wa ukoo: mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, nusu iliyotiwa wino ni mbebaji. Mtoto ni SS, yaani mgonjwa aliyerithi S kutoka kwa kila mzazi. Mama ni AS. Majibu ya baba yanasomeka AA, yaani hana S ya kumrithisha mtoto, na mama mkwe ameketi pale pale akisubiri kusikia. Mwenye huruma tupu atabadilika uso, na ndoa itaanza kuvunjika kabla hajafungua mdomo. Aliyesomea atauliza: baba ameongezewa damu karibuni? Sampuli zilichanganywa? Au baba ni mbebaji wa thalasemia, ambayo ikikutana na S ya mama, kipimo cha mtoto huweza kusomeka kama SS? Atarudia vipimo. Na hata maelezo hayo yote yakishindikana, linalobaki halisemwi mbele ya mkwe. Moyo mwema peke yake haumfundishi mtu haya.

Bado unataka? Basi usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujashika barua ya chuo. Vyuo vikuu vya Wits na Cape Town, Afrika Kusini, vina shahada ya uzamili ya miaka 2, na vinataka msingi wa jenetiki. Shahada ya biashara haitoshi. Marekani nako ni uzamili, tangu Sarah Lawrence College ilipoanzisha shahada hiyo mwaka 1969, na ada yake ni nzito. Uliza mapema nani atakuajiri ukirudi, maana hospitali zetu nyingi hazina cheo hicho. Muuguzi au tabibu, omba kuhamia kliniki ya selimundu hapo ulipo. Mhasibu, baki na mshahara wako na ukishikie hesabu chama cha wazazi wa wagonjwa; wanahitaji mtu huyo leo. Na wewe mwenyewe nenda ukapime, kwa kipimo kinachotenganisha AS na SS. Kile cha sickling hakitenganishi.